Jina Lililoandikwa na Jina Lililothibitishwa: Kumbukumbu za Kikoa katika Ulinzi wa Barua Pepe

Kila barua ina majina mawili ya mpelekaji, na aghalabu msomaji hulitazama moja tu. Liko jina la juu ya bahasha, ambalo ni la posta. Na liko jina la ndani, juu ya karatasi yenyewe, ambalo ni la msomaji. Katika barua ya karatasi majina hayo huweza kuhitilafiana bila ya madhara makubwa, kwa kuwa mpokeaji ana ushahidi mwingine wa kumsaidia: mwandiko anaoujua, muhuri, au tarishi aliyeileta barua kwa mkono wake. Katika barua pepe ushahidi huo wote umeondoka, yamebaki majina peke yake. Na jina, kama ajuavyo kila mtaalamu wa lugha, ni neno, na neno lo lote laweza kuandikwa na mtu ye yote.

Nia ya makala haya ni kueleza kumbukumbu tatu, ziitwazo SPF, DKIM na DMARC, ambazo mwenye kikoa huziandika katika daftari la wazi la mtandao ili barua zitokazo kwa jina lake zipate kuthibitishwa. Itaonyeshwa ya kuwa tatu hizo hujibu maswali matatu yaliyo mbalimbali, na ya kuwa mbili za kwanza bila ya ile ya tatu ni kama mashahidi waliofika mahakamani, wakasema kweli yao, na kadhi asitoe hukumu.

Jambo hili si la mafundi wa kompyuta peke yao. Tarehe 2 Mei 2024 idara tatu za Serikali ya Marekani, yaani NSA, FBI na Wizara ya Mambo ya Nje, zilitoa onyo la pamoja juu ya kundi la Korea ya Kaskazini lijulikanalo kwa jina la Kimsuky. Kundi hilo lilikuwa likiandika barua pepe kwa majina ya wanazuoni, waandishi wa habari na wataalamu wa mambo ya Asia ya Mashariki, ili kuvuta habari kutoka kwa watu wenye ujuzi wa siasa ya nchi za nje. Mtego wenyewe ulikuwa mambo ambayo kila mwanachuo huyatarajia: mwaliko wa kusema mkutanoni, ombi la mahojiano. Mlango walioingilia haukuvunjwa. Vikoa vilivyoigizwa ama havikuwa na kumbukumbu ya DMARC, au vilikuwa nayo lakini haikuagiza lifanyike jambo lo lote. Chuo cho chote kitoacho jarida, kipelekacho makala kwa wahakiki na kualika wageni katika mikutano yake kimo katika hatari ya namna hiyo hiyo, kiwe Dar es Salaam, Nairobi au London.

ASILI YA UDHAIFU

Itifaki ichukuayo barua pepe kutoka seva hata seva huitwa SMTP, na maelezo yake yaliandikwa na Jonathan Postel, yakatolewa Agosti 1982. Wakati ule mtandao ulikuwa wa vyuo na maabara chache, na wenye kompyuta walijuana. Itifaki yenyewe ni kama mazungumzo baina ya seva mbili. Ya kwanza hujitaja jina. Kisha hutaja anwani ya mpelekaji. Kisha anwani ya mpokeaji. Kisha hukabidhi barua. Ya pili huitikia kila neno. Katika mazungumzo hayo, kama yalivyotungwa hapo kwanza, hapana mahali ambapo aliyejitaja huulizwa ushahidi.

Anwani itajwayo katika mazungumzo hayo ndiyo anwani ya bahasha, na kwa kawaida msomaji haioni. Aionayo ni ile iliyoandikwa katika kichwa cha barua, penye neno "Kutoka". Neno anwani lenyewe, lililokuja kwetu kutoka Kiarabu, asili yake hubeba pia maana ya kichwa cha habari au jina la kitabu. Na katika barua pepe maana hizo mbili zimerudi kuchanganyika, kwa kuwa kile kinachoonekana kuwa anwani ya mpelekaji si zaidi ya kichwa cha maandishi. Mpelekaji hukiandika apendavyo. Aweza kuweka jina la mkuu wa chuo, la mhariri, au la marehemu, na itifaki ya mwaka 1982 haitamzuia.

Ilibidi basi ushahidi utafutwe nje ya barua, mahali ambapo mwongo hafiki. Mahali hapo palikuwa pamekwisha tengenezwa kwa kazi nyingine. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alitoa maelezo ya mfumo wa majina ya vikoa, uitwao DNS. Mfumo huu ni daftari la wazi lililogawanyika duniani kote, ambalo kompyuta hulisoma ili kujua jina fulani laelekea kwenye mashine gani. Kila mwenye kikoa ana ukurasa wake katika daftari hilo, wote waweza kuusoma, lakini ni yeye peke yake, au aliyempa idhini, awezaye kuuandika. Huo ndio msingi wa jambo lote. Mtu ye yote aweza kuliandika jina la chuo juu ya barua. Hawezi kuandika katika ukurasa wa chuo hicho. Kumbukumbu tatu zinazoelezwa hapa ni mistari ya maandishi katika ukurasa huo, wala hazihitaji mtambo mpya.

Yafaa ikumbukwe ya kuwa kikoa hakilindwi na kusajiliwa kwake. Chuo kilichopewa jina chini ya ac.tz au ac.ke kimepewa jina tu, hakikuwekewa mlinzi; mlinzi huwekwa na chuo chenyewe. Katika mifano ifuatayo litatumika jina la kubuni, chuo.example, kwa kuwa ncha ya .example imetengwa kwa ajili ya mifano na haiwezi kuwa mali ya mtu.

SPF: ORODHA YA MATARISHI

Swali la kwanza ni hili: ni nani aliyeruhusiwa kuchukua barua za kikoa hiki? Jibu lake ni SPF. Kazi hii ilianzishwa mwaka 2003 na Meng Weng Wong. Ikatolewa kama jaribio Aprili 2006, na kupewa maelezo yake yatumikayo Aprili 2014. Kumbukumbu ya SPF huweza kuwa kama hivi:

v=spf1 ip4:192.0.2.10 include:posta.example -all

Sehemu ya kwanza yataja aina ya kumbukumbu. Ya pili yasema ya kuwa seva yenye namba hiyo imeruhusiwa. Ya tatu yasema ya kuwa matarishi wote walioruhusiwa na kampuni iitwayo posta.example wameruhusiwa pia. Ya nne, yenye alama ya kutoa, yasema ya kuwa mwingine ye yote hakuruhusiwa. Wako wanaoandika ~all mahali pa -all, na maana yake ni laini zaidi: asiyemo katika orodha atiliwe shaka, ila asihukumiwe kwa hilo peke yake.

Makosa mawili hutokea mara nyingi. La kwanza ni kuandika kumbukumbu mbili za SPF katika kikoa kimoja, pengine moja imewekwa na ofisi ya kompyuta na nyingine na idara iliyonunua huduma ya kupelekea matangazo. Sheria yataka iwe moja tu. Zikiwa mbili, msomaji wa daftari huzihesabu zote kuwa ni kosa. La pili ni kurundika makampuni. Wakati wa kuikagua kumbukumbu moja, sehemu zake zinazomlazimu mkaguzi kurudi kuuliza katika daftari hazipasi kuzidi 10. Zikizidi, ukaguzi huvunjika, hata kwa barua za halali.

SPF ina mipaka miwili ya asili yake. Kwanza, hukagua jina la bahasha, si lile alionalo msomaji. Pili, hukagua tarishi wa mwisho aliyeifikisha barua. Mwanachuo aliyestaafu, ambaye barua za anwani yake ya zamani hupelekwa mbele na seva ya chuo hadi anwani yake mpya, hupokea barua kutoka kwa tarishi asiyemo katika orodha ya mwandishi. Barua ni ya kweli, na SPF huikataa.

DKIM: MUHURI

Swali la pili ni hili: je, barua hii ilipitia kweli mikononi mwa kikoa kinachotajwa, na imefika kama ilivyoondoka? Jibu lake ni DKIM. Ilizaliwa kwa kuunganishwa kazi mbili, moja ya kampuni ya Yahoo na moja ya kampuni ya Cisco. Ikatolewa Mei 2007 na kutengenezwa upya Septemba 2011.

Mwenye kikoa hutengeneza funguo mbili zilizofungamana kwa hesabu. Mmoja ni wa siri, nao hukaa katika seva ipelekayo barua. Wa pili ni wa wazi, nao huandikwa katika daftari. Barua itokapo, seva hufanya hesabu juu ya mwili wa barua na juu ya mistari fulani ya kichwa chake, ambamo mstari wa "Kutoka" hauna budi kuwemo, kisha hutia alama kwa ufunguo wa siri. Mpokeaji huchukua ufunguo wa wazi na kuijaribu alama ile. Ikikubali, mambo mawili yamejulikana: mwenye ufunguo wa siri wa kikoa kile ndiye aliyetia alama, na sehemu zilizotiwa alama hazikubadilishwa njiani.

Aliyezoea kulinganisha miswada ataliona jambo hili kwa wepesi. Ziko namna mbili za kulinganisha, kali na laini. Katika ile kali, hata nafasi moja iliyozidi baina ya maneno huvunja muhuri. Katika ile laini, tofauti za nafasi husamehewa, lakini neno moja likibadilika muhuri huvunjika. Ndiyo sababu watu wengi huichagua laini, kwa kuwa seva za njiani nazo, kama wanakili wa zamani, huwa na mazoea ya kusawazisha nafasi bila ya nia mbaya.

Nguvu ya muhuri ni nguvu ya ufunguo. Desemba 2011 Zachary Harris, mtaalamu wa hisabati wa Marekani, alipata barua kutoka Google ya kumwuliza kama angependa kazi. Alipoukagua muhuri wake aliona ya kuwa ufunguo ulikuwa wa biti 512 tu. Akidhani huo ni mtihani, akauvunja, akawaandikia waasisi wa kampuni hiyo barua iliyojifanya imetoka kwa mmoja kwenda kwa mwenziwe. Siku chache baadaye ufunguo ukabadilishwa, ukawa wa biti 2048. Tangu Januari 2018 sheria ya DKIM husema ya kuwa ufunguo ulio chini ya biti 1024 usikubaliwe, na ya kuwa watiao muhuri yawapasa kutumia biti 2048 au zaidi.

Hapa Kiswahili kina jambo la kufundisha na jambo la kuhadharisha. Wengi huiita alama hii "sahihi ya kidijiti". Neno sahihi, ambalo asili yake ni Kiarabu, lina kazi mbili katika lugha yetu: ni jina la alama aitiayo mtu chini ya maandishi yake, na ni sifa ya jambo la kweli lisilo na kosa. Katika mkataba wa karatasi maana hizo hukaa pamoja bila ya kugombana, maana atiaye sahihi hukubali ya kuwa yaliyoandikwa ni sahihi. Katika barua pepe zimetengana kabisa. Barua yaweza kuwa na sahihi iliyo sahihi, na maneno yake yasiwe sahihi hata moja. Tapeli aliyesajili kikoa chake mwenyewe aweza kuitilia barua yake DKIM, na mpokeaji akiijaribu itakubali, kwa kuwa ni kweli imetoka kwa tapeli huyo. Kwa sababu hiyo limechaguliwa hapa neno muhuri. Muhuri husema barua imetoka nyumba gani. Hausemi ya kuwa wenye nyumba ni watu wema.

DMARC: ULINGANIFU NA AGIZO

Sasa mtu afikirie hila ifuatayo. Mwongo ana kikoa chake, hila.example. Ameandika SPF yake vizuri, na ametia muhuri wa DKIM ulio mzima. Juu ya bahasha ameandika jina la hila.example, lakini katika mstari wa "Kutoka", ule uonekanao na msomaji, ameandika mhariri@chuo.example. SPF ikiulizwa hujibu: tarishi huyu ameruhusiwa. DKIM ikiulizwa hujibu: muhuri ni mzima. Wote wawili wamesema kweli, lakini wamesema kweli juu ya jina jingine. Kuhusu jina alionalo msomaji hakuna aliyeulizwa.

Pengo hili ndilo lililozibwa na DMARC, iliyotangazwa Januari 2012 na makampuni kadhaa, miongoni mwao Google, Microsoft, Yahoo na PayPal, na ambayo maelezo yake yalitolewa Machi 2015. DMARC yataka ulinganifu: jina la kikoa lililothibitishwa na SPF, au lile lililothibitishwa na DKIM, lilingane na jina la kikoa lililo katika mstari wa "Kutoka". Yatosha moja kati ya mawili. Barua ya mwanachuo aliyestaafu, iliyoshindwa na SPF kwa kupelekwa mbele, itaokolewa na DKIM kama muhuri wake haukuvunjika. Ulinganifu nao waweza kuwa wa kadiri au wa kukaza: katika ule wa kadiri, jina la idara kama kiswahili.chuo.example huhesabiwa kuwa ni la nyumba moja na chuo.example, katika ule wa kukaza, majina hayana budi kuwa mamoja herufi kwa herufi.

Kumbukumbu yenyewe huandikwa penye jina _dmarc.chuo.example, na huweza kuwa hivi:

v=DMARC1; p=none; rua=mailto:taarifa@chuo.example

Herufi p ndiyo agizo la mwenye kikoa juu ya barua zilizokosa ulinganifu, nalo lina daraja tatu. Likiwa none, mpokeaji haagizwi kufanya neno. Likiwa quarantine, aombwa aitenge barua, kwa desturi katika sanduku la barua taka. Likiwa reject, aombwa aikatae mlangoni. Neno rua huonyesha anwani ya kupokelea taarifa. Wapokeaji wakubwa hukusanya hesabu za barua zote walizoziona zikitumia jina la kikoa hicho, za kweli na za uongo, na kuzituma kwa mwenyewe, kwa kawaida mara moja kwa siku. Taarifa hizo hutaja namba za seva, idadi ya barua na matokeo ya ukaguzi. Maneno ya barua hayamo.

Ni katika daraja ya kwanza ambapo vikoa vingi hulala. Ofisi imeandika p=none, kifaa cha ukaguzi kimeonyesha ya kuwa "DMARC ipo", na kazi ikahesabiwa imekwisha. Lakini none si ulinzi. Ni kusikiliza tu, na faida yake yote imo katika taarifa, ambazo mara nyingi huenda kwenye anwani isiyosomwa na mtu. Onyo la Mei 2024 lilitaja udhaifu huu huu, na ushauri wake ulikuwa wenye vikoa watoke none waende quarantine au reject. Serikali ya Marekani ilikuwa imekwisha lijua jambo hilo kwa idara zake: Oktoba 2017 Wizara ya Usalama wa Ndani iliziagiza idara za serikali kuu, zile za kiraia, zifikie reject katika muda wa mwaka mmoja.

KUFIKA KWA BARUA

Mpaka hapa yamesemwa ya kuzuia barua za uongo. Upande wa pili wa jambo hili ni kufika kwa barua za kweli, na kwa taasisi ndogo huu huenda ndio unaouma zaidi. Mhariri hupeleka makala kwa mhakiki akangoja wiki sita. Mhakiki hakuiona barua, imelala katika sanduku la barua taka. Mwandishi hasikii habari za makala yake, hudhani amedharauliwa. Hapana aliyekosa adabu. Ni barua isiyothibitishwa.

Sababu yake si ngumu. Wapokeaji wakubwa huweka hesabu ya mwenendo wa kila mpelekaji: ni barua ngapi zilizolalamikiwa, ngapi zilizopelekwa kwa anwani zisizokuwapo, ngapi zilizofunguliwa na kujibiwa. Hesabu hiyo haiwezi kuwekwa vizuri juu ya jina ambalo kila mtu aweza kuliiba. Jina likithibitishwa, mwenendo mwema wa chuo huandikwa kwa chuo, na mwenendo mbaya wa tapeli hauandikwi kwake.

Zamani hayo yalikuwa ushauri. Sasa yamekuwa sharti. Oktoba 2023 Google na Yahoo walitangaza masharti yaliyoanza kutumika Februari 2024. Kwa Gmail, apelekaye barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenye anwani zake hana budi kuwa na SPF, DKIM na DMARC, ulinganifu uwepo, malalamiko ya barua taka yasifikie asilimia 0.3, na barua za matangazo ziwe na njia nyepesi ya kujitoa. Hata wapelekao chache wametakiwa wawe na SPF au DKIM. Microsoft nao waliweka masharti ya namna hiyo kwa wapelekaji wakubwa wa kwenda Outlook.com, kuanzia Mei 2025. Lakini isidhaniwe ya kuwa uthibitisho hununua nafasi katika sanduku la kwanza. Barua iliyothibitishwa huhukumiwa kwa mwenendo wa mwenyewe. Haiachiwi bila ya hukumu.

NJIA YA KUFUATA

Kazi yenyewe haianzi katika daftari, huanza kwa kuuliza. Yapasa ijulikane ni nani wote wanaopeleka barua kwa jina la kikoa: seva ya chuo, kampuni iliyopewa kazi ya barua za watumishi, mfumo wa kupokea makala za jarida, mfumo wa kuandikisha wanafunzi, huduma ya matangazo ya mkutano, pengine hata mashine ya kupiga nakala inayotuma karatasi kwa barua pepe. Ofisi ya kompyuta mara nyingi haizijui zote, kwa kuwa idara hujinunulia zenyewe. Mhariri anayejua jarida lake hutumia mfumo gani ana habari ambayo fundi hana.

Baada ya hayo huandikwa SPF moja yenye matarishi wote, na kila mmoja wao hupewa muhuri wake wa DKIM kwa jina la chuo, si kwa jina la kampuni, ili ulinganifu upatikane. Kisha huandikwa DMARC ya none yenye anwani ya taarifa inayosomwa, na taarifa hizo hutazamwa kwa majuma kadhaa. Hapo ndipo hujitokeza mashine zilizosahauliwa. Zikishatengenezwa, agizo hupandishwa kuwa quarantine, na mwisho reject. Vikoa ambavyo chuo kinavimiliki lakini hakipelekei barua navyo visiachwe, maana mwongo hupenda nyumba isiyokaliwa: huandikiwa SPF isiyo na tarishi hata mmoja, yaani v=spf1 -all, pamoja na DMARC ya reject.

Haraka katika jambo hili ina gharama yake. Aprili 2014 Yahoo waliandika reject kwa kikoa chao kikuu, na AOL wakafuata mwezi ule ule. Waandishi wa Yahoo waliokuwa wanachama wa vikundi vya mijadala vya barua pepe waliona barua zao zikikataliwa. Sababu ilikuwa ya kweli: seva ya kikundi huipokea barua, huongeza jina la kikundi katika kichwa au maneno machache chini yake, kisha huisambaza. Nyongeza hiyo huvunja muhuri, na tarishi mpya hayumo katika SPF. Vikundi vingi vikalazimika kuandika anwani ya kikundi mahali pa anwani ya mwandishi katika mstari wa "Kutoka". Mwaka 2019 ilitolewa itifaki ya majaribio iitwayo ARC, ambayo huwawezesha wapitishaji wa njiani kuandika ushahidi wa walivyoikuta barua. Taasisi ambayo wataalamu wake hujadiliana katika vikundi kama hivyo yapasa iyajaribu mambo hayo kabla ya kukaza agizo.

MIPAKA

Kumbukumbu hizi hulinda jina la kikoa lililo lile lile, wala hazilindi zaidi ya hapo. Hazimzuii mtu aliyesajili jina linalofanana, kwa kuzidisha herufi moja au kuibadilisha ncha. Hazimzuii aandikaye jina la mhariri penye jina la mtu na kuacha anwani yake mwenyewe ya kawaida kando yake, akitegemea simu kuonyesha jina na kuficha anwani. Wala hazimzuii aliyeiba neno la siri la mtumishi, maana barua yake hutoka katika seva ya kweli ikiwa na muhuri wa kweli. Hila za barua za biashara, ambazo hutumia njia zote hizi pamoja na uigaji wa jina, ziliripotiwa kwa FBI mwaka 2023 kuwa zimeleta hasara ya dola bilioni 2.9 hivi. Kwa hiyo desturi ya kupiga simu kabla ya kubadilisha namba ya akaunti ya benki haikuondolewa na DMARC.

Hata hivyo, mlango unaofungwa na kumbukumbu hizi ndio uliokuwa wazi kuliko yote, na kuufunga hakuhitaji fedha nyingi. Kinachohitajiwa ni mtu wa kuuliza. Mkuu wa taasisi, asiyejua lo lote la funguo na seva, aweza kuandika barua fupi kwa ofisi ya kompyuta yenye maswali matatu: agizo la DMARC la kikoa chetu ni lipi, taarifa zake husomwa na nani, na jarida letu hupeleka barua kwa muhuri wa jina la nani? Jibu la swali la kwanza likiwa none, na la pili likiwa hapana mtu, basi jina la taasisi limeandikwa, bado halijathibitishwa. Na kazi ya kulithibitisha yaweza kuanza juma hilo hilo.